Khabari za Maisha ya Tabibu Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo: hizi ni khabari za mtu mmoja katika Waislamu wa Andalusi, ambaye matabibu wa Ulaya walisoma kitabu chake kwa muda wa karne nyingi, na hali vijana wengi wa kwetu hawakulisikia jina lake ila kwa uchache, na walisikiapo hulisikia limechanganywa na maneno ya kujifakhiri yasiyokuwa na asili.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi Al-Ansari. Ansari ni nisba ya ukoo, kuwa asili yake yarejea kwa wale watu wa Madina waliompokea Mtume, rehema na amani zimshukie. Zahrawi ni nisba ya mji. Mwaka 325 Hijria, ndio 936 wa Miladi, Khalifa Abdul-Rahman An-Nasir alianza kujenga mji mpya chini ya mlima, upande wa magharibi ya Kurtuba, mwendo wa saa mbili kwa miguu au chini kidogo. Akauita Madinat Az-Zahra. Akaujaza majumba ya marumaru, na mabustani, na mabirika, akahamia huko yeye na makatibu wake na askari wake. Katika mji huo, na yapata katika miaka hiyo hiyo ya kujengwa kwake, ndiko alikozaliwa Abul-Qasim.

Khabari za nyumba yake na watoto wake hazikuhifadhiwa. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa Kurtuba, amemdiriki kwa macho yake akiwa kijana, na alipoandika risala ya kutaja fadhila za Andalusi alikitaja kitabu cha Az-Zahrawi katika vitu ambavyo nchi yake ina haki ya kujionea fakhari. Baada yake Al-Humaydi, aliyehajiri Andalusi akaandika tarikh ya watu wake akiwa Baghdad, alimtia katika kitabu kwa mistari michache tu: kuwa alikuwa mtu wa fadhila na dini na elimu, na kuwa elimu iliyomtangulia mbele ni utabibu. Zaidi ya hayo, amtakaye Az-Zahrawi hana budi kumtafuta ndani ya kitabu chake mwenyewe. Na huko yumo.

Kitabu hicho jina lake ni At-Tasrif, nacho kina makala 30. Alikimaliza yapata mwaka 1000 wa Miladi, baada ya umri mrefu wa kutibu na kusomesha. Zipo ndani yake makala za maradhi, na za madawa ya kunywa na ya kupaka, na za vyakula vya wagonjwa. Lakini iliyomtukuza ni makala ya mwisho, ya 30, aliyoiweka kwa kazi ya mkono. Ameigawa milango mitatu: wa kwanza kupiga moto, wa pili kupasua na kutoboa na kushona, wa tatu kuganga mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Na ndani yake amechora sura za vyombo, yapata 200: vijembe, na misumeno, na makoleo, na kulabu, na sindano, kila chombo na umbo lake, ili mhunzi atakayekuja baadaye aweze kukifua kwa kutazama. Wengi wa walioandika utabibu kabla yake walitaja vyombo bila ya kuvichora. Msomaji wa nchi ya mbali angejuaje umbo lake?

Sababu ya kuandika makala ile yeye mwenyewe ameieleza, nayo si ya furaha. Alisema kuwa kazi ya mkono katika nchi yake imekaribia kufutika, na wanaoifanya wengi ni watu wasiojua jinsi mwili ulivyoumbwa, hawajui mishipa inapopita wala mifupa inapokutana. Akataja watu aliowaona wakifa kwa mikono ya majahili hao. Mmoja ni mwanamke aliyekuwa na uvimbe wa tezi shingoni. Tabibu akaupasua bila ya kujua, akakata mishipa ya damu, na yule mwanamke akatokwa na damu mpaka akafa papo hapo mbele yake. Wa pili ni mzee aliyekuwa na jiwe kubwa kibofuni. Az-Zahrawi aliitwa kwanza, akatazama ukubwa wa jiwe na udhaifu wa mzee, akajua kuwa likitolewa atakufa. Akaja mwingine akalitoa, likatoka pamoja na kipande cha kibofu, na mzee hakupita siku tatu au karibu yake.

Wa tatu ni kijana mweusi aliyevunjika mguu karibu na kisigino, na pale pale pana jeraha. Alitibiwa na tabibu mwenye mshahara kwa mmoja wa maamiri wa jeshi. Tabibu huyo akamfunga mabanzi kwa nguvu juu ya jeraha, asiache nafasi ya jeraha kupumua, akamwacha siku kadhaa na kukataza asifunguliwe. Mguu ukafura, na kijana akawa wa kufa. Ndipo akaitwa Az-Zahrawi. Akaufungua, na yule kijana akapata raha ya maumivu saa ile ile. Lakini uozo ulikwisha kushika na kupanda, akafa. Hakusema kuwa amemponya, wala hakuificha khabari hiyo.

Kwa ajili ya haya akawausia wanafunzi wake, aliokuwa akiwaita wanawe, kuwa kazi ya mkono ni namna mbili: iliyo na salama, na ile ambayo hatari yake ni nyingi kuliko salama. Hii ya pili wasiiingie ila kwa yakini. Wala tamaa ya mali isiwapeleke wanapokatazwa na akili.

Basi mlango ambao wasia huu waonekana wazi kuliko pengine pote ni mlango wa kuvunjika kichwa.

Wasomaji wa fiqhi wazijua sura za majeraha ya kichwa kwa njia ya diya. Mudhiha ni jeraha linaloufunua mfupa, na diya yake ngamia watano. Hashima linauvunja, nayo kwa madhehebu yetu ya Shafii ni ngamia kumi. Munaqqila linauhamisha mfupa mahala pake, ngamia kumi na watano. Na maamuma ni lile linalofika kwenye utando wa ubongo, nalo lina thuluthi ya diya nzima. Utando huo Waarabu huuita mama wa ubongo, na Wazungu walipofasiri vitabu vya matabibu wa Kiislamu kwa Kilatini wakafasiri neno kwa neno, hata leo madaktari wao wauita mama mgumu wala wengi wao hawajui kuwa ni maneno ya Kiarabu. Kadhi huuliza jeraha limefika wapi ili ahukumu. Tabibu huuliza swali lile lile, lakini mtu wake angali hai mbele yake, na wakati unapita.

Az-Zahrawi amepanga mivunjiko kwa namna zake. Upo wa upanga, uliokatwa kama pigo la shoka. Upo wa jiwe au wa kuanguka, unaopondeka vipande. Upo ufa mwembamba kama unywele. Na upo ambao mfupa haukukatika bali umebonyea kwa ndani, mfano wa sufuria ya shaba iliyopigwa. Na huu, asema, hutokea zaidi katika mifupa laini kama ya watoto.

Kabla ya kugusa jeraha, yapasa tabibu amtazame mgonjwa. Akimwona anatapika nyongo, au anatukutika na kukakamaa, au akili zimempotea, au sauti imekatika, au anazimia, au ana homa kali, au macho yamemtoka na kuwaka wekundu, basi asimkaribie, kwani wengi wa hao hufa. Na akiwa hana alama hizo, na yatarajiwa salama, ndipo amtibu.

Leo zajulikana sababu za alama nyingi katika hizo. Fuvu la mtu mzima ni chungu kilichozibwa kila upande. Ubongo na damu na maji yake vimekijaza, wala hapana nafasi iliyobaki. Mtu akianguka mnazini, au akipigwa rungu, au kama ilivyozidi siku hizi akitupwa na pikipiki, huenda mshipa ukakatika ndani, damu ikajikusanya baina ya mfupa na utando, au ubongo wenyewe ukafura. Chungu hakitanuki. Kinachobanwa ni ubongo, na ukizidi kubanwa husukumwa chini kwenye tundu la uti wa mgongo, pumzi ikakoma. Mwalimu wa tashrihi Alexander Monro wa Edinburgh ndiye aliyeeleza kanuni hii ya fuvu lililojaa, mwaka 1783. Az-Zahrawi hakuwa na kanuni hii; alikuwa na macho yake tu, na maiti aliowaona. Na ajabu ni hii, kuwa nyingi katika alama zilizomwambia yeye rudi nyuma ndizo leo zinazomwambia daktari mwenye vyombo na picha za mashine: fanya haraka, fungua.

Kwa yule anayestahili kutibiwa, asema mfupa utolewe kabla ya siku ya 14 ikiwa ni wakati wa baridi, na kabla ya siku ya saba ikiwa ni wakati wa joto, kabla utando ulio chini yake haujaharibika. Nywele zinyolewe. Ngozi ipasuliwe, mfupa ufunuliwe, damu izuiwe kwa vitambaa, na mgonjwa apumzishwe. Kisha yaja kazi ya keekee.

Hapa pana jambo ambalo fundi yeyote wa milango au wa majahazi atalifahamu upesi kuliko mwanachuoni. Atobowaye ubao kwa keekee huegemea kwa nguvu, na ubao unapokwisha ghafula, ncha huruka mbele. Katika ubao si kitu. Katika fuvu, pale mbele pana mama wa ubongo, na ncha ikimpasua, mtu ameuawa na tabibu wake. Dawa ya jambo hili ni keekee ambazo Az-Zahrawi aziita zisizozama, na amezichora. Ncha yake ni fupi, haizidi unene wa mfupa, na juu ya ncha pana ukingo wa duara uliotokeza. Ncha ikimaliza mfupa, ukingo hukwama juu ya tundu, chombo kisiweze kuingia zaidi. Na kwa kuwa mafuvu hayalingani unene, amwamuru tabibu awe na nyingi, kila moja na urefu wa ncha yake, achague ile inayomfaa mgonjwa aliyelala mbele yake.

Matundu hutobolewa kwa kuuzunguka mfupa uliovunjika, baina ya tundu na tundu nafasi ndogo. Kisha patasi nyembamba huyaunganisha, na kipande hunyanyuliwa kwa vidole au kwa koleo, kwa upole kabisa. Kingo zikibaki na miiba hulainishwa. Na ipo patasi nyingine aliyoipokea kwa Jalinus, mwishoni mwake pana kidude laini cha umbo la adesi: adesi hutangulia juu ya utando pasina kuukwaruza, na makali yakaelekea mfupa tu. Kisha jeraha hufunikwa kwa kitambaa cha kitani kilichotiwa mafuta ya mawaridi, kikunjwe mara mbili tatu, na juu yake kitambaa chepesi kisichokazwa ila kadiri ya kulishika jeraha. Aliyemwona yule kijana wa mguu akifa kwa kufungwa sana hakuweza kusahau jambo la kufunga.

Na haki isemwe. Wako wasemao kuwa Az-Zahrawi ndiye wa kwanza kutoboa kichwa. Si kweli, wala yeye hakulidai. Wayunani walitoboa karne nyingi kabla yake, na katika mlango huu amechukua mengi kwa Paulo wa Aegina, tabibu aliyekuwa Iskandaria katika karne ya saba. Hata huku kwetu bara, katika nchi ya Wakisii, wamekuwako waganga wa kichwa waliojulikana kwa kukwangua mfupa wa mtu aliyepigwa na maumivu yasimtoke, nao hawakusoma kitabu cha Myunani wala cha Mwarabu. Fadhila ya Az-Zahrawi ni kuwa alichukua yaliyotawanyika, akayapima kwa mkono wake, akaacha yasiyofaa, akachora vyombo, na akaandika waziwazi wapi mkono usimame.

Na mahala pengine mkono wake ulisimama kabisa. Ameandika juu ya watoto ambao maji hujikusanya vichwani mwao, aghalabu tangu kuzaliwa, na katika sababu zake ametaja mkunga kukibana kichwa kwa nguvu. Amesema namna za kupasua zilizopokewa. Kisha akakiri kuwa wote aliowaona katika hali hiyo walikufa upesi, na kwa hiyo yeye ameona bora kuiacha kazi hiyo. Akakumbuka mtoto mmoja, kichwa chake kilikua kila siku, hata akawa hawezi kukaa kwa uzito wa kichwa, na maji yakazidi mpaka akafa. Mtu mwenye vyombo 200 alikaa akatazama, hana la kufanya. Dawa ya ugonjwa ule, nayo ni mrija mwembamba unaoyapeleka maji tumboni au kwenye mishipa ya moyo, haikupatikana kwa njia ya kutegemewa ila katika karne ya 20.

Lakini asidhaniwe kuwa alikuwa mwoga. Alipata kuitwa kwa kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Akamkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa; akatazama jeraha, akaona damu ni kidogo na mishipa mikubwa haikukatwa, ila pumzi yatoka mle jerahani. Akamshona upesi, akamtibu mpaka akapona, asibaki na dhara ila sauti iliyokwaruza kidogo. Na kwa hilo akajua, na akaandika, kuwa kufungua koo la mtu anayekufa kwa kukosa pumzi si hatari kama watu walivyodhani. Ameeleza pia wanaume wa kijiji kimoja ambao wakipata jeraha dogo hutokwa na damu mpaka wafe; na matabibu wa leo wamesoma humo maelezo ya mwanzo ya ugonjwa wa damu isiyoganda.

Uzee wake uliangukia siku mbaya. Al-Mansur bin Abi Amir, aliyeishika dola kwa mkono wa chuma, alikufa mwaka 1002. Mwaka 1009 ikazuka fitna, Waislamu kwa Waislamu, makhalifa wawili watatu wakigombea kiti kimoja. Mwaka 1010 Madinat Az-Zahra ikaingiwa na kuporwa; mwaka 1013 ikaporwa Kurtuba yenyewe. Mji aliozaliwa nao Abul-Qasim haukutimiza miaka 80. Al-Humaydi asema alikufa baada ya mwaka 400 Hijria, na walio wengi huweka mwaka 404, yaani ule ule 1013. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu kikasalimika. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini mjini Toledo, na jina la Abul-Qasim likageuka vinywani mwao likawa Albucasis. Guy de Chauliac, bwana wa wapasuaji wa Ufaransa katika karne ya 14, alimtaja mara nyingi mno katika kitabu chake. Mwaka 1497 makala ya upasuaji ilipigwa chapa Venice. Kwa Waislamu, Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya alikitia katika Kituruki mwaka 1465, akaongeza yake, na akachora tabibu na mgonjwa kwa rangi. Na maneno yake ya Kiarabu yalipigwa chapa Oxford mwaka 1778, kwa juhudi ya Mwingereza John Channing.

Keekee za leo za fuvu huzungushwa kwa mashine, nazo zimefanywa zisimame zenyewe mara ncha ipitapo mfupa. Mtu ambaye ubongo wake wafura wala madawa hayamsaidii, hutolewa kipande kikubwa cha fuvu kikawekwa kando, kikarudishwa baada ya wiki nyingi au miezi, ili ubongo upate nafasi. Mwaka 2016 ilitangazwa hesabu ya wagonjwa 408 wa namna hiyo, waliotibiwa katika nchi mbalimbali. Baada ya miezi sita, katika kila 100 waliofunguliwa walikuwa wamekufa karibu 27. Na katika kila 100 walioendelea kwa madawa walikuwa wamekufa karibu 49. Ila katika wale waliookolewa wako waliobaki hawajitambui, nao walikuwa wengi zaidi upande wa waliofunguliwa, wanane au tisa katika 100, na upande wa pili wawili. Kwa hiyo daktari hukaa na baba wa mgonjwa au ndugu zake kabla ya kukata, akawaambia yote mawili, nao wakajibu.

Magofu ya Madinat Az-Zahra yalianza kufukuliwa mwaka 1911. Yameonekana makao ya khalifa, na msikiti, na mifereji ya maji. Na sehemu iliyo kubwa ya mji, walimokaa watu wa kawaida na mafundi na matabibu, ingali chini ya udongo.